Dada Bisibisi na Fremu ya Mlango wa Mama

Ndugu waombolezaji, majirani, wateja wa marehemu na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi, poleni na asanteni. Mimi ni mdogo wake, kitinda mimba wa nyumba hii, nimepewa na familia kazi ya kusoma maisha ya dada yetu, na nadhani nilichaguliwa kwa sababu sauti yangu inafika hadi nyuma bila kipaza sauti, maana kwa upole sijawahi kusifiwa. Karatasi niliyokabidhiwa juzi na kaka yetu mkubwa ilikuwa ukurasa mmoja, umepigwa chapa vizuri, unasema marehemu alizaliwa, akasoma, akafanya biashara ndogondogo, akaolewa, akazaa, akaugua, akafariki, basi. Nikaisoma, nikaikunja, nikaenda nayo kwa mama, nikamwambia kwamba biashara ndogondogo ni kuuza vifungo na pini, na dada yetu alikuwa fundi wa mchwa, mji mzima unajua, hata watoto wanajua. Mama akaniambia niandike yangu na nisome yote. Kaka ameketi hapo mbele na habari anazo, kwa hiyo asinikonyeze.

Najua pia kuna jambo mnaulizana chinichini tangu asubuhi, kwa nini mwili uko hapa barazani, juu ya meza mbili, wakati sebule ipo na mikeka imetandikwa. Nitafika huko, ila kwa mpangilio.

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Aprili 1971, katika wodi ya wazazi ya hospitali ya wilaya, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watatu wa fundi cherehani na mkewe, mama huyu mnayemwona hapa ameshikwa mkono na mjukuu wake. Alikuwa mbishi tangu utotoni, si mbishi wa kelele, mbishi wa kurudi, unamkatalia asubuhi anakubali vizuri kabisa, mchana anakuja na swali lilelile amelivalisha nguo nyingine. Marehemu baba alikuwa akisema mtoto huyu akikuuliza jambo mpe jibu mapema upate usingizi, na kaka, aliyemtangulia kwa miaka minne, ndiye aliyeulizwa zaidi kuliko sote, nadhani ndiyo maana alichoka mapema.

Alianza elimu ya msingi mwaka 1978 katika shule iliyo nyuma ya soko, akamaliza mwaka 1984, akajiunga na sekondari ya kutwa mwaka 1985 na kuhitimu mwaka 1988, na huko sekondari ndiko jambo lililomfanya awe alivyokuwa lilipomkuta. Kulikuwa na kabati la vitabu katika ofisi ya walimu, limesimama ukutani miaka na miaka, vitabu vimepangwa migongo nje, vinapendeza, na dada, ambaye alikuwa na zamu ya kufuta vumbi, akavuta kimoja, jalada likaja mkononi lenyewe, ndani hakuna kitabu, kuna udongo. Akavuta cha pili, hivyohivyo. Akaenda kumweleza mwalimu wa zamu kwamba kabati limeliwa na pengine ukuta nao una kitu, mwalimu akamwambia afagie ule udongo na arudishe majalada mahali pake, maana kesho yake walikuwa wanategemea wageni. Dada alifagia, akayarudisha majalada, wageni wakaja wakasifu maktaba. Kisa hicho alikisimulia maisha yake yote, watu wakicheka, na kila mara yeye alikuwa hacheki.

Mwaka 1989 aliajiriwa katika duka la vifaa vya ujenzi kama muuzaji, akasimama nyuma ya kaunta ile kwa miaka saba, akiuza misumari, bawaba, rangi na dawa, na kila siku ya Mungu akiona watu wanakuja kununua mafuta ya taa kwa ajili ya mchwa, wengine wanatoka gereji na oili chafu kwenye galoni, wanamwaga ukutani, wanarudi baada ya mwezi kununua mengine. Ikatokea kampuni moja ya dawa za mbao ikaleta mafunzo ya wiki mbili kwa wauza duka, wenzake wakaenda siku ya kwanza wakala chakula cha mchana wakatoweka, yeye akakaa hadi mwisho, na mwaka 1996 akaacha kaunta, akanunua bomba la kunyunyizia dawa la kubeba mgongoni, barakoa, buti, glavu ndefu, na mashine ya kutoboa sakafu, akaanza kazi yake mwenyewe. Wapo waliosema mwanamke gani huyu anatambaa darini kwa watu, na wengine wenu mpo hapa, na darini kwenu alitambaa.

Jina la Bisibisi alilipata kazini, kwa sababu alikuwa haingii nyumba ya mtu bila bisibisi ndefu yenye mpini wa mbao, na alikuwa haizungushi kama mafundi wengine, aliishika upande wa chuma akagonga kwa mpini. Atagonga fremu ya mlango, atagonga ubao wa chini ya ukuta, atagonga kabati la nguo, ameinamisha kichwa, akisikia mlio mzito anapita, akisikia mlio mtupu anasimama hapo, anageuza ile bisibisi, anasukuma ncha taratibu, na ncha ikizama bila kelele anakutazama usoni. Wateja wengi wameniambia kwamba mtazamo ule uliwauma kuliko mchwa wenyewe.

Sasa nisikilizeni kidogo, maana mko wengi na wote mna nyumba, na mwenye kuwaeleza hayupo tena. Ukiona ukutani mstari wa udongo, mwembamba kama kalamu, unapanda kutoka sakafuni, hiyo ndiyo barabara yao, wanapita ndani yake kwa sababu hawapendi mwanga wala ukavu, na ukiona dirishani mbawa zimerundikana baada ya mvua, mbawa tupu, wenyewe hawapo, ujue kumbikumbi wametua na wengine wametafuta makazi, na rangi ya mlango ikivimba kama imepata lengelenge, usilaumu fundi rangi kwanza, bonyeza kwa kidole. Dada alikuwa akikuta ule mstari wa udongo anauvunja kipande kidogo tu katikati, anaondoka, anarudi baada ya siku kadhaa, akikuta wameuziba anajua wapo hai na anajua wanatokea upande gani, na ndipo anafuata njia ile mpaka chini, mpaka kwenye ufa wa sakafu au kisiki kilichofukiwa au bomba linalovuja, anachimba mtaro kuzunguka msingi, anatoboa sakafu kufuata ukuta, anamimina dawa kwenye udongo wenyewe, anabadilisha mbao zilizoliwa, na kila ubao unaogusa ardhi anautoa. Kazi yenyewe ndiyo hiyo, haina uchawi wala haraka.

Lakini ninyi mlikuwa mnafagia. Hili lilimsumbua miaka yote na linanisumbua mimi kwa niaba yake. Alikuwa anampigia mteja simu, anamwambia nakuja kesho, nakuomba, nyumba iache ilivyo, usiguse ukuta, na kesho yake anakuta nyumba inang'aa, ukuta umepanguswa kwa kitambaa chenye maji, ile mistari yote imekwenda, makochi yamevutwa yakafunika pembe, mama mwenye nyumba amevaa vizuri na chai iko mezani, kwa sababu mgeni anakuja na mgeni hakaribishwi kwenye uchafu. Anauliza walikuwa wapi, anaonyeshwa kwa mkono, hapa hivi, au pale, au nadhani nyuma ya kabati. Dada alikuwa anasema ni sawa na kumwita daktari halafu kabla hajafika ukanywa dawa za kutuliza, ukapaka poda, ukamwambia mimi mzima. Kuna nyumba moja karibu na kituo cha mabasi alirudi mara tatu na mara zote tatu wamefagia, mara ya tatu akaketi kwenye ngazi ya mlangoni akala ndizi yake mpaka ikaisha, akaondoka bila kuaga.

Marehemu alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 19 Desemba 1998, na shemeji yetu, fundi bomba, baada ya kujuana naye katika hali ambayo si ya mapenzi hata kidogo. Dada alikuwa amefuata mchwa mpaka bafuni kwa mteja, akasema ndani ya ukuta ule kuna bomba linavuja na mchwa wanakunywa hapo, mteja akamwita fundi aliyelifunga, shemeji akaja amenuna, akaapa kwamba kazi yake haivuji, dada akagonga vigae kwa mpini, akaweka kidole pale, shemeji akasema akivunja akakuta pakavu huyu mwanamke atavirudisha vigae kwa mikono yake, wakavunja, maji yakamrukia shemeji kifuani. Alirudi kesho yake kuziba, na kesho kutwa akarudi bila sababu yoyote ya bomba. Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 2 Februari 2000, ambaye sasa ni mwalimu wa chekechea, na mvulana aliyezaliwa tarehe 17 Septemba 2004, anayesomea umeme wa majumbani, na kwa miaka yote ishirini na sita ya ndoa yao sijasikia shemeji akimwambia dada kwamba amekosea bila kwanza kwenda kuangalia.

Nafika sasa kwenye nyumba hii.

Nyumba hii ilijengwa na marehemu baba, na baada ya baba kututoka mwaka 2012 mama akabaki humu, sisi tuko jirani, tunapokezana. Kaka yetu, ambaye ni fundi wa magari na mikono yake haijawahi kuwa mivivu, siwezi kumdhulumu kwa hilo, mwezi Juni mwaka 2023 alimwekea mama dari jipya la jipsamu, jeupe, lina ua katikati na taa ndogondogo pembeni, maana lile la zamani lilikuwa la mbao nyembamba na lilikuwa limeanza kulegea, na wakati mafundi wanaweka jipya chini ya lile bovu dada alikuwa amesafiri kikazi. Mama alilipenda sana dari lile. Aliwaita majirani waje walione, akawasimamisha chini yake mmoja mmoja, watazame juu, na kaka akawa amesimama mlangoni anajifanya hasikilizi.

Tarehe 9 Novemba mwaka huohuo, baada ya mvua za kwanza, mama akafagia mbawa dirishani sebuleni, kirundo cha kujaa kikombe, akamtajia dada kwenye simu kama habari ya kupita tu. Dada alifika kabla chai haijapoa, akagonga fremu ya mlango wa sebuleni, upande wa kushoto kuanzia usawa wa goti kwenda juu, ncha ikazama, akainua pazia akakuta mstari wa udongo kwenye pembe unapanda na kuingia ndani ya dari, akasema hawa wametoka chini ya kibaraza, wamepita ndani ya fremu, wako juu kwenye kenchi, hizo mbao zinazoshika paa, na mama analala chumba kinachofuata, chini ya paa hilohilo. Akaomba mambo mawili tu, pembe ya dari ifunguliwe ili ajue kenchi zimeliwa kiasi gani, na vigae vya kibaraza vitobolewe kufuata ukuta ili dawa ifike chini.

Kaka akakataa. Alisema dari halijamaliza hata nusu mwaka, alisema dada anatafuta mchwa kama askari anavyotafuta mwizi, kila mtu ni mwizi, alisema akiruhusu afungue pembe atataka kufungua katikati, akitoboa kigae kimoja atatoboa vyote. Siku iliyofuata akaja na lipu ya mbao na kopo la rangi ya maziwa, akaziba tundu la bisibisi, akaipaka fremu yote, ikapendeza kama mpya, na ule mstari wa udongo akaupangusa. Nyumba hii, ndugu zangu, nyumba ya mama yake Bisibisi, nayo ilifagiliwa.

Dada hakunyamaza, mnamjua. Yeye na shemeji walichimba mtaro upande wa nyuma na wa jikoni, wakamimina dawa pale walipoweza, lakini alisema waziwazi kwamba ni kazi ya nusu, mlango wa mbele uko wazi na wao wanapita mbele. Ikabidi tarehe 13 Januari 2024 kiitwe kikao cha familia, hapo sebuleni, na dada akaeleza kwamba nyumba ikiwa kimya mtu anaweza kuwasikia, wana mlio, kama mtu anayetafuna vitu vikavu mbali, na aliye kimya humu mchana kutwa ni mama, basi aulizwe mama. Akaulizwa. Mama akasema hapana, yeye hajasikia kitu. Kaka akafunga kikao, wifi akaleta soda, dada akabaki ameshika ile bisibisi mapajani, na mimi nilitamani kutupa kiti.

Tangu siku hiyo jambo likageuka mzaha wa ukoo. Akiingia kwa shangazi, shangazi anamwamkia kwa kumwambia asigonge masufuria yake, kwenye harusi ya binamu wakamwomba aikague keki kama ina mchwa, na yeye na kaka wakawa wanasalimiana kama watu waliokutana kwenye foleni ya benki, habari, nzuri, basi. Siku moja mimi nilichukua ufagio mrefu nikasema liwalo na liwe, nalitoboa hili dari, mama akaninyang'anya ufagio na kuniambia kama nataka kubomoa nikabomoe kwangu. Nilimwambia dada aachane na habari hii, anajichosha bure, akanijibu kwamba kama ingekuwa nyumba ya mteja angeshaachana nayo, lakini hili ni paa ambalo chini yake kuna kichwa cha mama yake, ataachanaje nalo.

Mwezi Februari mwaka huu alianza kuchoka akipanda ngazi, kisha miguu ikavimba, kisha akawa analala ameketi, na kwa kuwa wapo mliokwisha kuamua kwamba aliuawa na dawa zake, naomba mlitoe hilo vichwani, daktari amesema ni moyo uliotanuka, moyo uleule uliomchukua baba, na baba alikuwa anashona suruali. Alilazwa tarehe 21 Julai katika wodi ya wanawake, kitanda cha karibu na dirisha. Kila nilipoingia hakuuliza habari za kwake wala vipimo vimesemaje, aliuliza mama analala wapi. Nikimwambia analala chumbani kwake, anafumba macho. Ikafika mahali nikamdanganya, nikamwambia mama amehamia kwangu, akafurahi, halafu akauliza godoro lipi amelalia, nikasitasita kidogo tu, ikawa imetosha, akageukia dirishani. Alifariki Jumatano, tarehe 6 Agosti 2025, saa kumi jioni, akiwa na mumewe na binti yake.

Familia ikaamua msiba uwe hapa kwa mama, na mwili ulale sebuleni. Jana mchana, gari lilipofika, vijana wakabeba jeneza, wakapanda kibarazani, wakafika mlango wa sebuleni wakakwama, kwa sababu mlango ule umekaa vibaya, ukishapita grili unatakiwa ukate kona hapohapo, na jeneza halikunjiki. Wakang'oa mlango, bado. Wakasema tutoe fremu, ni kazi ya dakika chache, itarudishwa baadaye. Kaka akaenda mwenyewe kwenye buti la gari lake akaja na mtaimbo, akauweka kwenye ungio, akajiandaa kusukuma kwa nguvu zake zote.

Hakusukuma. Aligusa tu, fremu ikaja. Ilikuja upande mzima wa kushoto, mikononi mwake, nyepesi, na haikuwa mbao, ilikuwa rangi, ile rangi ya maziwa aliyopaka yeye, imesimama yenyewe kama ganda la yai, na ndani udongo na mchwa weupe wanakimbia kila upande. Juu yake pembe ya dari ikalegea, ikashuka taratibu, ikamwaga udongo juu ya mikeka na juu ya viatu vya watu, na pale palipofunguka wote tuliona kenchi ya kwanza, shemeji akaipandia kwenye kiti akaigonga kwa kiganja, ikameguka kama biskuti iliyolowa. Ndipo akasema jeneza lisiingie, na mtu yeyote asiingie, na ndiyo maana mwili uko barazani. Vijana walikuwa bado wamembeba dada begani.

Maneno ya kumwambia kaka nilikuwa nayo tele, nimeyatunza mwaka na nusu, yalikuwa yamepangana yanasubiri mlango. Nilimtazama, ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, kipande cha rangi kiko mkononi, anakigeuzageuza, mchwa wanampanda kwenye mkono na hawapangusi, yakanikwama. Ila hasira haijaisha, sitawaficha mbele ya mwili wake. Imenichukiza na itaendelea kunichukiza kwamba dada yangu aliomba mlango ule uguswe akiwa hai, kwa mdomo wake, kwa ujuzi wake, akaitwa mbishi, akachekwa, na ukaguswa siku aliyoletwa hawezi kuomba kitu. Alikuwa sahihi mpaka upande, mpaka usawa wa goti. Sijui mtu afanye nini na usahihi wa namna hiyo.

Kaka mwenyewe alitoa kitanda cha mama nje jana kabla jua halijazama, akakibeba peke yake, hakutaka msaada, akakifunga upya chumbani kwangu. Jumatatu dari lote linashushwa, kibaraza kinatobolewa, na shemeji na mtoto wa marehemu ndio watakaoshika mashine.

Kwa niaba ya familia namshukuru daktari wa wodi ya wanawake aliyetueleza ukweli bila kuuzungusha, na wauguzi, hasa yule wa zamu ya asubuhi ambaye dada alimgongea meza ya dawa akamwambia ibadilishwe, na kweli ikabadilishwa, mtu wa kwanza kumsikiliza mara moja. Tunawashukuru majirani kwa viti, maji na turubai, na kwa jinsi mlivyohamisha kila kitu kuja nje kwa muda mfupi bila kuuliza. Tunawashukuru mafundi wenzake, wachimbaji wa mitaro na wauza duka la vifaa ambao mmekuja na nguo zenu za kazi, angependa hivyo. Tunawashukuru wateja wake wote, waliofagia na wasiofagia. Shemeji yetu, tunakushukuru wewe, ulikuwa unakwenda kuangalia.

Hapa ndipo nilipokuwa nimeishia. Lakini asubuhi hii mama aliniita, akaishika karatasi hii, akaniambia kuna la kuongeza, na kwamba kaka amekwisha kuambiwa faraghani ili asilisikie kwa mara ya kwanza mbele za watu. Amesema lile dari lilikuwa zawadi ya mwanawe, na hakutaka watoto wake wawili wagombane kwa ajili ya kitu kilicho juu ya kichwa chake, basi akaona akisema hapana pale kikaoni, ugomvi utakwisha. Nilimwambia amwambie dada mwenyewe, ajongee hapa kwenye jeneza, akasema hawezi, sauti haitatoka, niseme mimi ambaye sauti yangu inafika nyuma. Ni sentensi moja, amenifanya niirudie mbele yake mpaka akaridhika.

Dada, mama anasema hivi, mwanangu, nilikuwa nawasikia.

Pumzika kwa amani.